Mawese Kwenye Tochi

Skolastika alizaliwa na kinyaa chake. Mama yake alikamua mawese kule Kidahwe, lakini binti huyo tangu mdogo hakuweza kunywea kikombe kilichoshikwa na mkono wenye mafuta. Ndugu zake wakamtania kwamba ataolewa na sabuni. Leo ni fundi wa kuchomelea vyuma Buzebazeba, ana banda lake na mashine inayosukuma waya yenyewe, na kinyaa kile hakijapungua hata chembe. Kila jioni hufungua tochi ya mashine, ule mkono unaotoa waya na moto, akachokonoa cheche zilizoganda kwenye nozeli, mdomo wa tochi, akapuliza vumbi kwenye mrija anamopita waya, akabadilisha ncha iliyolika. Mteja akiwa na haraka, asubiri.

Wiki iliyopita alikwenda msibani kwao, akamwachia banda shemeji yake Pastory. Pastory ni mchangamfu, ana maneno matamu, na ni mchafu, basi. Skolastika aliporudi asubuhi akakuta waya unatoka kwa kusitasita, unakwama, unajikunja ndani ya mashine. Akafungua nozeli. Ndani mlikuwa na mawese yaliyoungua, yamegandamana na vumbi la chuma, na mende mzima kakaangwa humo. Akavuta ule mrija wa ndani. Ukatoka na uji mweusi uliomchafua mpaka kwenye viwiko. Alitema mate chini.

"Shemeji, hiki ni nini?"

"Nilipaka ili cheche zisigande," alisema Pastory, akiendelea kutafuna muhogo. "Ile dawa ya dukani iliisha. Mafuta si mafuta tu?"

"Umechomelea nini na uchafu huu?"

Pastory akaacha kutafuna. "Lile tangi la petroli la boti ya Bi Hidaya. Kwenye mshono palitokea vitundu vitundu kidogo, nikasaga, nikapaka rangi. Limependeza, nakwambia."

Skolastika alimtazama, kinyaa kikamzidi kuliko kile cha mende. Mtu na akili zake anaona chuma kimetoboka kama andazi bovu, anakipaka rangi, kisha anakaa kula muhogo! Bi Hidaya ni mfanyabiashara wa Ujiji, na boti yake hubeba abiria kwenda vijiji vya mwambao, jiko la chai likiwaka humo humo ndani. Siku hiyo ndiyo ilikuwa ya safari. Skolastika alipiga simu, haikupokelewa. Akapanda bodaboda mpaka ufukweni Kibirizi, boti zinakopakia, bila kunawa, yeye ambaye hata shilingi haipokei kabla ya kunawa.

Alikuta abiria wanapakia magunia yao. Bi Hidaya alikuwa amesimama ndani ya boti, anawaelekeza pa kukaa.

"Shikamoo, Bi Hidaya. Naomba lile tangi lisiondoke."

"Marahaba, mwanangu. Mbona leo umechafuka hivyo?"

"Tangi ni bovu. Limechomelewa na tochi chafu, litavuja."

"Mbona linavuja tangu juzi," alisema Bi Hidaya, bila wasiwasi wowote. "Kidogo tu. Nimeziba kwa sabuni."

Akamwonyesha. Kwenye pembe ya tangi rangi ilikuwa imebanduka, na pale pamekandikwa kipande cha sabuni ya mche, kimeanza kulainika. Mbao za chini yake zilikuwa zimelowa petroli. Upande wa pili wa magunia mpishi alikuwa anapepea jiko la mkaa, na wajukuu wawili wa Bi Hidaya wamekaa hapo kati, wanamenya karanga.

"Kwa nini hukunirudishia?" aliuliza Skolastika.

"Lingekuwa la fundi mwingine ningerudisha siku ile ile. Lako, nikasema labda mimi ndiye nimeligonga wakati wa kupakia. Najua wewe ulivyo na kazi yako."

Skolastika alilinyanyua lile jiko kutoka mbele ya mpishi, akashuka nalo mpaka ufukweni, akayamwaga makaa majini. Kisha akarudi kuwachukua watoto. Walikunja pua alipowabeba na mikono yake inayonuka mawese yaliyoungua, na mdogo akajaribu kujitoa. Skolastika akamkumbatia hivyo hivyo.