Kijiti cha Mkono wa Kushoto: Kutoka Kilakala Hadi Mlali

Mjomba Anselmi hana kawaida ya kuzungusha maneno. Alinipigia simu Jumatatu nikiwa kwenye cherehani yangu hapa mjini Kilakala, akaniambia ukoo unakaa Jumamosi, na kwamba shamba la marehemu mama yangu kule Mlali litapewa mtu mwingine. "Limelala misimu miwili, mpwa wangu," alisema. "Huwezi tena kufika, na shamba halilimwi kwa simu." Kwetu Waluguru ardhi inapita upande wa mama, na mjomba ndiye msemaji. Ukikaa kimya mbele yake, umekubali.

Sikukaa kimya. Nilimwambia nitakuja Jumamosi, na nitakuja mwenyewe. Akacheka kidogo, akasema haya, njoo. Wala simlaumu kwa kicheko kile. Tangu nipate kiharusi mguu wangu wa kushoto unaburuta, na mkono wa kushoto hauna nguvu ya kushika. Bodaboda nilishaanguka mara moja, sitaki tena. Kwa hiyo kila safari ya Mlali ilikuwa ni kumsubiri mtu mwenye gari ajisikie kunipeleka, na watu wenye magari, jamani, hawajisikii mara nyingi.

Alichokuwa hajui mjomba ni kwamba nina baiskeli. Ina magurudumu matatu, mawili mbele na moja nyuma, na unaikalia kwa kuegemea chali, miguu imetangulia kwenye pedali. Mhadhiri mmoja alihama mji akaiacha kwa Fundi Idi, ambaye aliitengeneza upya akanipa niitumie. Uzuri wake haianguki hata ukisimama. Mipini iko ubavuni mwa kiti. Mkono wa kulia unabadili gia za nyuma, na wa kushoto unabadili zile tatu za mbele: kubwa, ya kati na ndogo. Ile ndogo ndiyo ya mlima.

Ijumaa jioni Fundi Idi aliniwekea mezani vibadilishio vya aina mbili. Cha kwanza kilikuwa cha kusokota, kama mkono wa pikipiki, na kila gia ikiingia kinalia tik. Cha pili kilikuwa kijiti kifupi cha chuma kinachosimama juu ya ncha ya mpini. Hicho unakisukuma tu mbele au nyuma.

"Dada Kolasta, chukua kijiti," alisema.

Nikamwambia kijiti kimekaa kigonjwagonjwa, mimi nataka cha kusokota. Ukweli ni kwamba nilitaka nionekane mzima mbele ya ukoo. Fundi hakubishana. Alifunga cha kusokota pande zote mbili, halafu akatumbukiza kijiti kimoja, bisibisi na vifaa viwili vitatu kwenye mfuko wangu, akasema, "Kaa nacho tu."

Saa kumi na mbili asubuhi nilitoka. Milima ilikuwa na ukungu kiunoni, na barabara ilikuwa baridi. Nilipita Msamvu nikijibana pembeni kuyakwepa malori, kisha nikaishika barabara ya Iringa, Uluguru yote ikiwa kushoto kwangu. Nilikuwa na furaha sana. Miaka miwili sikuwa nimekwenda mahali kwa miguu yangu, hata kama miguu yenyewe ilikuwa inazungusha cheni. Niliimba nyimbo za kwaya kwa sauti, na wenye pikipiki walipunguza mwendo wanitazame.

Sangasanga nilikata kushoto, na mwinuko wa kwanza ukanivua ujeuri. Nilitaka kushuka gia ya mbele. Kiganja cha kushoto kilishalowa jasho, vidole vikateleza, kile cha kusokota hakikuzunguka. Nikavusha mkono wa kulia kuusaidia, baiskeli ikayumba, gurudumu moja likaingia kwenye majani, kwa sababu mkono huo ndio niliokuwa nautegemea kuongoza. Ikabidi nishuke niisukume, cheni ikiwa bado kwenye gia kubwa, huku nachechemea. Nilijisikia vibaya. Kama mwinuko mdogo ule umenishinda, mlima wa kwetu ningeupandaje?

Saa tatu nilikuwa Mzumbe, kwa mama ntilie mmoja anayeitwa Mama Zawadi. Aliniletea chai na chapati, akaniuliza kama naumwa.

"Siumwi, nimekasirika," nikamjibu. "Una mikono miwili mizima?"

"Ninayo."

"Basi niazime."

Alikausha mikono kwenye kanga, akachuchumaa. Yeye alishika na kukaza, mimi nikaelekeza. Tulitoa kile cha kusokota, tukachomeka kijiti kwenye ncha ya mpini, tukapitisha waya ule ule, ambao Fundi Idi alikuwa ameuacha mrefu makusudi. Kumbe alijua. Nikamsema kimoyomoyo, kisha nikamshukuru.

Kazi ikabaki kwenye skrubu ya ubavuni mwa kijiti, inayoamua kiwe kigumu au kilegee. Ilikuwa imekazwa sana, mkono wangu haukukisogeza. Mama Zawadi akailegeza kwa mkupuo. Nikazunguka uwanjani kidogo, na cheni ikatoka yenyewe gia ya kati ikaangukia ndogo, kwa sababu kijiti hakikuwa na nguvu ya kuuzuia waya. Hapo nikatulia. Mambo haya nayajua tangu usichana wangu. Kwenye cherehani kuna skrubu ndogo ya kukaza uzi. Ukiikaza mno uzi unakatika, ukiilegeza mno mshono unafanya vitanzi, na fundi hazungushi zaidi ya robo kwa mara moja. Nikaichukua bisibisi mwenyewe kwa mkono wa kulia. Robo, nikajaribu. Robo tena, nikajaribu. Mara ya tano kijiti kikasogea kwa kusukumwa na kitako cha kiganja tu, bila kidole hata kimoja, na nilipokiachia kikabaki pale pale.

"Sasa umefurahi," alisema Mama Zawadi.

"Nimefurahi. Niongeze chai."

Saa sita nilifika Mlali, vumbi mpaka kwenye nyusi. Nyumba ya mjomba iko juu, na njia ya kuifikia inapanda moja kwa moja kando ya matuta ya mboga. Nilisukuma kijiti, cheni ikaingia gia ndogo bila kelele, nikaanza kupanda taratibu. Wanawake watatu waliotoka sokoni wakanifikia. Mmoja alikuwa na ndoo ya unga kichwani, wa pili mfuko wa mbolea, wa tatu mafuta na chumvi kwenye kikapu.

"Pole, mama," alisema mkubwa wao, mwenye mbolea. "Ngoja tukusukume."

"Asante, nataka kupanda mwenyewe."

Akanuna. "Huku mtu hapitwi mlimani, mama. Ni aibu yetu sisi."

Nilimwelewa, nimezaliwa pale. Kukataa mkono wa mtu mlimani ni kumtukana. Lakini juu kule nilishamwona mjomba amesimama na wazee wawili, na nikifika nimesukumwa, shamba limekwenda.

"Basi tusaidiane," nikasema. "Leteni hiyo mizigo huku nyuma kwenye keria."

Aliutazama mguu wangu. "Wewe?"

"Mimi. Weka."

Wakaweka, kwanza mbolea, kisha ndoo na kikapu. Uzito ulinivuta nyuma, mapaja yakawaka. Nilisimama mara mbili, nikabana breki, nikapumua, nikaendelea. Wao walitembea pembeni mikono mitupu, wakipiga soga, na mwishowe hata kununa kuliisha.

"Shikamoo, mjomba," nikasema nilipofika juu.

"Marahaba." Macho yake yalikuwa kwenye mfuko. "Mbolea ya nani hiyo?"

"Yangu," alisema yule mwanamke akiushusha. "Huyu mama ndiye aliyenibebea."

Kikao hakikuwa kirefu. Mjomba alisema, "Nilisema hafiki. Amefika, tena na mizigo ya watu." Shamba likabaki kwangu. Kisha akanichukua kuzunguka mipaka ya shamba, yeye mbele, mimi na fimbo yangu nyuma, akinionyesha kila alama upya kama anavyoonyeshwa mwenye mali. Kwenye kona ya mwisho alisimama. "Kolasta, nilishakuhesabu umekwisha. Nisamehe." Nililia, na sikujificha.

Jumapili baada ya misa nilirudi. Kushuka kulikuwa raha tupu, upepo usoni na breki mkononi. Njiani nilijikubalia jambo ambalo sikutaka kulisema Ijumaa: nilikuwa nimechagua kibadilishio kwa ajili ya mkono niliokuwa nao zamani. Huu nilionao sasa unataka kijiti, na kwa kijiti unapanda mlima.

Saa tisa nilikuwa mbele ya Fundi Idi. Aliona kijiti, akakigusa tu kwa kidole.

"Kimelegea kidogo," alisema, akaifuata bisibisi.

"Acha, fundi," nikamwambia. "Nitakikaza mwenyewe Ijumaa, kabla sijaenda shambani kwangu."