Mjumbe Kutoka Uarabuni

Kila Ijumaa saa nne asubuhi, Serah Nduku aliingia katika jengo moja la Jumeirah Village Circle, Dubai, akiwa amebeba keki ya kuzaliwa isiyokuwa ya mtu. Mlangoni alikaa Mubarak, mlinzi wa jengo, Mganda na Mwislamu wa sala tano, ambaye alijua vyema kilichokuwa kikiendelea juu na aliamua, kwa ukarimu wake, kutokijua.

"Mama Serah, leo kazaliwa nani?"

"Harrison."

"Harrison tena? Mwezi wa pili kazaliwa, wa tano kazaliwa. Mama yake alipata taabu kweli kweli."

"Na wewe utazaliwa wiki ijayo usipoangalia."

"Inshallah, mradi mniwekee kipande. Pandeni, lakini makofi hapana. Yule madam wa ghorofa ya tatu ameshapiga simu mara mbili."

Kilichokuwa juu, katika nyumba ya Harrison na mkewe Daisy, kilikuwa kanisa. Ibada katika nyumba za kupanga haikuruhusiwa, na kumbi za viwanja vya makanisa kule Oud Metha zilikwisha kugawanywa saa kwa saa miongoni mwa madhehebu yaliyojulikana. Basi watu thelathini na wanne, walinzi, wahudumu wa hoteli na wasichana wa kazi za nyumbani, walijibana sebuleni wakaimba kwa sauti za chini, keki ikiwa mezani na mishumaa yake tayari kuwashwa endapo mtu angebisha hodi. Hawakuwa na karatasi hata moja iliyoandikwa neno kanisa. Kikundi chao cha simu kiliitwa Chama cha Uarabuni, na daftari la Harrison, aliyekuwa katibu, lilikuwa Daftari la Chama. Ujanja huo uliwalinda miaka mitano. Ndio huo huo uliokuja kuwaponza.

Serah alikuwa na miaka hamsini na miwili. Alikuwa amefundisha chekechea Kangundo, Kenya, kwa miaka kumi na tisa, akafiwa na mume, akaja Dubai mwaka 2009 kusimamia wasafishaji wa kliniki moja ya Oud Metha. Kanisa lake, Kanisa la Agano la Kusini, lilizaliwa migodini kusini mwa Afrika, likaenea hadi Kenya, na makao yake makuu yalikuwa Lusaka. Wakubwa wa Lusaka waliposikia kwamba kuna mwanamke anayekusanya kondoo huko jangwani, walimpelekea barua yenye muhuri ikimtangaza kuwa mmisionari wa Ghuba. Barua ilikuwa nzuri mno. Ilimruhusu kuhubiri, kufundisha, kutembelea wagonjwa na kufariji waliofiwa, yaani yote aliyokuwa akiyafanya kabla haijaandikwa. Ubatizo na meza ya Bwana haikumruhusu, kwa kuwa hayo yalikuwa ya waliowekewa mikono, na wanawake hawakuwekewa mikono. Na waliowekewa mikono, katika miaka yote hiyo, hakuna hata mmoja aliyekanyaga Dubai.

Serah alivumilia, kama wanawake wa makanisa wanavyofundishwa kuvumilia, hadi Jecinta alipougua.

Jecinta Mutheu alikuwa mfanyakazi wa nyumbani, binti wa Kathonzweni, Ukambani, mwenye miaka ishirini na saba na kicheko kilichowatia wenzake hofu ya majirani. Aliondoka kwao kwenda kutafuta kazi kabla ya kumaliza darasa la ubatizo. Alilimaliza sebuleni kwa Harrison, akajibu maswali yote arobaini bila kukwama, akabaki kungoja maji. Mwezi wa sita mwaka 2014 madaktari walimwambia kwamba saratani ya mlango wa kizazi ilikuwa imekwisha kusambaa. Madam wake, ambaye hakuwa mtu mbaya, alisema angemkatia tiketi ya kurudi nyumbani mara atakapopata nguvu ya kukaa katika kiti cha ndege.

"Mama, mimi kufa siogopi sana," Jecinta alimwambia Serah hospitalini. "Naogopa kule nyumbani. Wazee wa kanisa letu wanafungua kitabu cha waliobatizwa. Kama jina halimo, hawakuingizi kanisani na hawakuziki. Babangu walimfanyia hivyo. Alizikwa kama mbwa, Mama, na mamangu amesimama hapo."

Serah hakukaa bure. Alimwendea mchungaji mmoja wa dhehebu jingine pale Oud Metha. Mchungaji alimsikiliza kwa upole, akamwambia kwamba darasa lake ni la miezi sita, na kwamba hata angetaka kulifupisha, hangeweza kumbatiza kondoo wa zizi la mwingine bila barua ya ruhusa kutoka Lusaka. Serah aliandika Lusaka mara tatu. Walimjibu mara moja, kwamba jambo zito kama hilo huamuliwa na Mkutano Mkuu, ambao kwa bahati njema ungekaa Agosti. Ukipita huo, mwingine ni baada ya miaka minne.

Aliomba likizo. Harrison aliandika barua ya hoja kwa mwandiko wake wa kupendeza: ndugu wa Uarabuni wanaomba mmisionari wao apewe mamlaka ya kubatiza walio katika hatari ya kufa, au mchungaji atumwe mara moja. Akaitia sahihi, akapiga juu yake muhuri wa mpira waliouchongesha mtaa wa Deira kwa fundi mmoja Mhindi: CHAMA CHA UARABUNI. Hakuna aliyeliona kosa hilo. Kwao jina hilo lilikuwa kama nguo ya kazini, mtu huivaa hadi akasahau kwamba ameivaa.

Mkutano ulikaa siku nne mjini Lusaka katika ukumbi wa shule, wajumbe mia tatu, mabati juu na baridi ya Agosti chini. Serah alizoea kusali kwa kunong'ona, na waliposimama wote kuimba siku ya kwanza alishikwa na machozi. Ilikuwa miaka mitano tangu aimbe kwa kifua kizima. Aliimba hadi sauti ikamkauka, akajiambia kwamba watu wanaoimba namna hii hawawezi kushindwa kumwelewa Jecinta.

Siku ya pili walijadili rangi ya kola za mashemasi, kuanzia chai ya asubuhi hadi chakula cha mchana. Siku ya tatu walijadili kama Msimamizi Mkuu aitwe Msimamizi Mkuu au Baba Msimamizi Mkuu. Serah alikaa benchi la nyuma na barua mapajani. Kila jioni Daisy alimpigia kutoka Dubai, akamwambia neno moja tu: "Bado." Maana yake Jecinta bado yupo.

Siku ya nne mchana waliita jina lake. Aliposimama aligundua kwamba waliokuwa wamesimama pamoja naye ni kwaya ya akina mama wa Kabwe na wacheza ngoma wa Kitwe. Kilikuwa kipindi cha salamu za vyama.

"Dakika tatu, Mama, na wimbo mmoja," alisema msimamizi wa kipindi, kijana mwenye kengele.

Serah hakuimba. Alisoma barua. Alipofika kwenye jina la Jecinta kengele ililia. Aliendelea. Kengele ililia tena, na ukumbi, kwa upendo usio na masikio, ukaanza kumpigia makofi ili kumsaidia amalize. Mwanamke mmoja alimjia akicheza, akamfunga kitenge chenye picha ya jubilei ya kanisa kiunoni, vigelegele vikapanda hadi darini. Mwenyekiti akatamka: "Salamu za dada zetu wa Uarabuni zimepokelewa kwa furaha." Wakaingia wacheza ngoma.

Alimfuata Katibu Mkuu nyuma ya jukwaa, kitenge kikiwa bado kiunoni. Katibu, mzee mnyofu mwenye miwani miwili, mmoja machoni na mwingine kwenye paji la uso, aliipindua barua na kugusa muhuri kwa kidole.

"Mama yangu, hiki ni chama. Chama huleta salamu. Hoja huletwa na kanisa, kupitia jimbo lake."

"Mzee, sisi ni kanisa. Tumejiita chama ili tusifukuzwe."

"Basi andikeni kwamba ninyi ni kanisa."

"Tukiandika tutafukuzwa."

"Na msipoandika," alisema kwa huruma iliyo dhahiri, "mimi nitaisomaje? Nyumbani kwako utaratibu hakuna?"

"Kuna mtu anakufa, mzee."

"Tutamwombea, Mama. Sasa hivi, kama unapenda." Akavua miwani yote miwili, akainamisha kichwa, akaomba kwa ufasaha mkubwa. Alipomaliza, kikao kilikuwa kimekwisha kufungwa.

Nani alaumiwe? Serah alilitafuta jibu tangu Lusaka hadi Dubai na hakulipata. Hakuna aliyemtukana wala kumfukuza, na kila aliyemkatalia alimkatalia kwa adabu, kanuni mkononi. Laiti angepata mtu mmoja mwovu, angalau angekuwa na pa kuweka hasira yake.

Alitua Alhamisi. Ijumaa hakwenda na keki, alikwenda hospitalini. Tiketi ya Jecinta ilikuwa ya kesho yake. Alikuwa ameketi kitandani amefungwa kitambaa kichwani, mashavu yamebonyea.

"Umependeza, Mama. Zambia wamekulisha."

"Wamenilisha."

"Na karatasi?"

Serah alimweleza, bila kupamba, hadi kwenye kitenge na wacheza ngoma. Jecinta alicheka hadi akakohoa.

"Sasa si wewe mwenyewe unibatize. Maji haya hapa," alisema, akionyesha chupa iliyokuwa juu ya kabati. "Maneno unayajua. Ni wewe uliyenifundisha."

Serah aliishika ile chupa. Akaifungua. Alijua kwamba ubatizo wa mikono yake usingeingia katika kitabu chochote, kwamba wazee wa Kathonzweni wangeuliza ni nani aliyebatiza na kwa mamlaka gani, na kwamba jibu likifika Lusaka wangemnyang'anya hata ile barua, na wale thelathini na watatu waliobaki wangekosa hata mtu wa kuwafundisha. Hayo yote yalikuwa kweli. Alijua pia kwamba alikuwa anaogopa tu, kama alivyoogopa wakuu wa shule na wasimamizi na wazee tangu utoto wake, na hakuweza tena kutenganisha hofu na busara.

"Siwezi, mwanangu."

"Khalas," Jecinta akasema taratibu, kwa neno lile walilosema wote kazi ikiisha. "Basi niombee safari."

Alifika nyumbani akiwa hai. Mchungaji wa eneo lao alizunguka makanisa kumi na moja, na zamu ya Kathonzweni ilikuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Jecinta alifariki Jumatano kabla yake.

Kaka yake, Samuel, alipiga simu kesho yake asubuhi. Serah alikuwa katika stoo ya kliniki akigawa dawa za sakafu.

"Mama Serah, wazee wamefungua kitabu. Wanasema wakipata barua kwamba alibatizwa huko, watamwingiza kanisani. Tunazika Jumamosi. Andika tu, Mama. Nani atajua?"

"Hakubatizwa, Samuel."

"Najua! Si nakuambia andika?"

Serah aliyejizuia kumwaga maji kidogo kichwani mwa mtu anayekufa sasa aliombwa aseme kwamba aliyamwaga. Na alikubali. Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaandika kwamba Jecinta Mutheu alibatizwa Dubai tarehe ishirini na mbili Agosti, akatia sahihi yake yote na cheo chake cha mmisionari wa Ghuba. Ulikuwa uongo wa kwanza ambao hakujaribu kuuombea msamaha. Akaupiga picha, akautuma.

Jibu lilikuja jioni. Wazee waliisoma barua, wakaipitisha mkono kwa mkono. Walisema mwandiko ni mzuri. Ila mwanamke habatizi, kwa hiyo hata kama ni kweli, si kweli.

Jumamosi ilikuwa zamu yake ya kazi. Saa saba mchana Samuel alimpigia na kuiweka simu wazi kaburini, na Serah akasimama koridoni, karibu na mashine ya kupolishi sakafu, akasikiliza. Hakukuwa na mchungaji. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alijitolea kusoma Zaburi, akaruka mistari miwili, akarudi, akaomba radhi. Kisha zikasikika sauti za majembe, na sauti ya mwanamke, bila shaka mama yake Jecinta, akiuliza jambo kwa Kikamba, swali lile lile tena na tena: mbona hamwimbi?

Serah alifungua mdomo. Aliujua wimbo, na kwa mbali kule wangeusikia, kama Samuel angeinua simu. Mgonjwa mmoja alipita na fimbo yake. Daktari alipita. Msimamizi wa zamu alitokeza kichwa mlangoni.

"Sister Serah, yalla, kuna mtu amemwaga juisi chumba namba nne."

"Naam, sir," alisema Serah, na simu ikiwa bado wazi mfukoni mwa aproni, akaenda kuchukua mopu.