Ganzi Iliyogoma Kutoka Kidevuni

Gego langu la mwisho, la chini kushoto, liling'olewa wiki chache kabla ya harusi ya mjukuu wangu. Daktari wa meno alinichoma sindano ya ganzi, akavuta, akavuta tena, taya likalia kama mlango mbovu. Likatoka. Akaniambia, “Bibi, ganzi itaisha jioni.” Jioni ikaja ikapita. Asubuhi nikaamka, upande wa kulia wa mdomo ni wangu, upande wa kushoto na nusu ya kidevu ni vya mtu mwingine.

Nikajitazama kwenye kioo. Mdomo haujapinda. Nikatabasamu, ukatabasamu. Nikauvuta chini, ukashuka. Lakini nikiugusa ni kama nimegusa sikio la mbuzi buchani. Chai inanichuruzika mpaka kifuani, mie sina habari.

Mtu atasema, ajuza kama wewe mdomo wa nini tena? Ngoja nikwambie. Kwetu Mbagala kigelegele changu kinajulikana mpaka mtaa wa tatu. Na siku ya ndoa mambo yetu yako hivi: wanaume wako nje chini ya turubai na shehe, sie wanawake tuko ndani na bibi harusi, masikio tumeyatega. Ikifika habari kwamba ndoa imefungwa, bibi mzaa mama ndiye anayeanza kigelegele, wengine ndio wanafuata. Huyu mjukuu nimemlea mie tangu anatambaa, kwa mihogo ya kuchemsha, mpaka leo ni mwalimu wa hesabu kule Goba, watoto wa wenye magari wanamwita ticha. Mie darasa la tatu sikulimaliza. Nisipomwanzia yeye, nimwanzie nani?

Nikaingia chooni, nikafunga mlango, nikajaribu. Ulimi ulicheza vizuri, lakini mdomo haukujua ukae wapi. Kilichotoka ni upepo na mate, kama tairi la baiskeli.

Hapo nikamkumbuka wifi.

Wifi ni dada wa marehemu mume wangu. Tunakaa ua mmoja, mlango wake unatazamana na wangu, anakaanga vitumbua. Jioni ile niliyong'oa jino aliniletea uji. Tangu lini wifi ananipikia mie uji? Na yeye naye anapiga vigelegele, chake kikali kama filimbi ya trafiki, na miaka yote anafuata nyuma yangu. Mie nikinyamaza, nani anaanza? Nikapiga hesabu, jibu likatoka lilelile. Uji uliobaki nikampa bata wa jirani. Bata akala, akalala, jioni akaamka anataka mwingine. Haikunitosha. Bata hana kidevu.

Siku ya pili wifi akaja mwenyewe, kabeba beseni lina mvuke na taulo.

“Wifi, hiyo inataka kukandwa. Wazazi tunawakanda wanainuka, kidevu ndiyo kitashinda?”

Nikamtazama machoni. Nikasema moyoni, acha nimuone anafanya nini. Akachovya taulo, akakamua, akanibandika.

“Inachoma?”

“Haichomi. Hayo maji au umande?”

Akaongeza ya jikoni. “Sasa?”

“Ongeza, wifi, kama unakanda kanda.”

Akaongeza. Mikono ile imegeuza vitumbua miaka mingi, inashika karai la moto kama mtu anashika kanga. Yeye hasikii moto mkononi, mie sisikii kidevuni, na kati yetu taulo linafuka. Asubuhi nikamkuta kwenye kioo mwanamke ana lengelenge kubwa kama zabibu chini ya mdomo.

Nikatoka uani na kanga moja. “Uji haukutosha, sasa umeniunguza! Ulitaka nifike kwenye harusi na uso gani?”

“We! Si ulisema mwenyewe niongeze?”

“Na wewe ukafurahi!”

“Nilifurahi nini? Mwanamke mdomo umekufa na bado unasema hivi, ungekuwa mzima mtaa ungehama!”

Majirani wakacheka. Mie sikucheka. Nikampigia simu mjukuu wangu, akaacha kipindi chake akaja, akanipeleka hospitali.

Daktari wa huko ni binti, rika la mjukuu wangu. Akaniamkia vizuri, shikamoo yake ndefu, nami mtu akinipa shikamoo ndefu namwangalia mara mbili. Akasema, “Bibi, fumba macho. Nikikugusa, sema ndiyo.”

Nifumbe macho mbele ya mtu anayeshika vitu vyenye ncha? Nikafumba, ila jicho moja nikaliachia ufa. Akagusa kulia. “Ndiyo.” Akagusa tena. “Ndiyo.” Kisha kimya. Nikajua ameniacha, anataka kuniona mwongo. Nikachungulia. Pamba iko kidevuni kwangu, upande wa kushoto, anaipitisha huku na huku. Akaweka pamba, akachukua kijiti chenye ncha. Nakiona kinabonyeza ngozi yangu. Sisikii kitu.

Mpaka saa ile nilikuwa na hasira tu. Hapo ndipo nilipoogopa.

“Bibi, unachungulia,” akasema.

“Ningejuaje kama unagusa?”

Akanionyesha kwenye uso wake mwenyewe, kwa kidole. Mshipa mmoja wa fahamu unapita ndani ya mfupa wa taya, chini ya magego, unatokea kwenye kitundu kidevuni, unasambaa mdomoni. Kazi yake kupeleka habari: moto, baridi, pamba, sindano. Mwingine unatokea karibu na sikio, unashuka juu ya taya. Kazi yake kuuvuta mdomo. Gego langu mizizi yake ilikuwa imeukaribia mno ule wa habari, likaondoka limeusugua. Ule wa kuvuta ni mzima, ndiyo maana mdomo haukupinda.

“Na hapa,” akagusa chini ya mdomo wake, “matawi yao yanakutana, yanashikana.”

“Yanashikana kwa kazi gani?”

“Bado yote hatuyajui, bibi. Na kila mtu kwake yameunganika tofauti.”

Nikamtazama vizuri. Mtu kasoma miaka yote ile, anasema hajui. Nikawaza nyumba mbili za kwetu zilizounga bomba moja la maji.

“Basi huyo mzima si amuazime mwenzie?”

Akacheka. “Hawaazimani hivyo. Na maji ya moto basi, bibi. Anayekwambia moto ndiye anayeumwa.”

Mjukuu wangu akanigeukia, akanitazama vile anavyowaangalia wanafunzi. Nikajifanya natafuta kitambaa.

“Kitarudi kabla ya harusi?”

“Mara nyingi hurudi, polepole. Utaanza kusikia kama sisimizi wanatembea. Lini, siwezi kukuahidi.”

Kweli walikuja. Siku chache kabla ya harusi niliamka wanatembea kidevuni. Nikajipiga kofi. Nikainua mto, nikaunusa, maana mtu akitaka kukuletea sisimizi anapaka sukari. Mto ulinuka mafuta ya nazi tu. Ndipo maneno ya yule binti yakanirudia, nikakaa kitandani nikawaacha watembee.

Siku yenyewe ndani pamejaa udi na joto. Bibi harusi kainamisha kichwa. Wifi kakaa mkabala wangu, kajipaka mafuta midomoni, nimeona. Pale dirishani mtu akasema, “Tayari!” Nikaweka vidole viwili chini ya mdomo, kushoto, nikaubana kwenye meno. Ambacho mdomo haukusikia, vidole vilisikia. Nikaachia.

Kikatoka! Kikapanda, kikagonga bati. Kabla ya kufika mwisho pumzi ikapenya kushoto, kikaanza kuvuja, na palepale kilipovunjika wifi akakipokea, hata nje wakadhani ni koo moja. Mjukuu wangu akainua uso, wanja unamchuruzika.

“Umeanza wewe, wifi,” akaninong'oneza baadaye, tunagawa pilau.

“Najua nimeanza mie.”

“Nami nimekudaka.”

“Nani alikuita?”

Akacheka mpaka mwiko ukamtoka. Mpaka leo sijui alikuwa amekaa tayari kunidaka au kuninyang'anya. Kidevu kimerudi zaidi ya nusu, kigelegele nakifanyia mazoezi chooni. Bado ananiletea uji jioni. Naupoza, naujaribu kwanza kwa upande wa kulia, kisha naunywa wote. Ila funda la kwanza anakunywa yeye, mbele yangu.