Nywele za Sebuleni Kwetu

Nilianza kumwonea wivu msichana mmoja wa kanisa letu siku babake alipoanza kumpeleka Arlington kila asubuhi, ati anafanya kazi ofisini. Kazi gani? Hakuwa analipwa hata ndururu. Lakini mamake aliitaja ofisi hiyo kanisani mpaka pasta akaijua. Sote wawili tulikuwa tunaomba nafasi katika chuo kimoja, na mimi nilikitaka chuo hicho mpaka kikaninyima usingizi.

Kiangazi hicho mimi nilikuwa nasuka nywele sebuleni kwetu, Alexandria, huku Marekani. Akina mama wa kanisa, manesi na walezi wa wazee, walikuja wakitoka zamu, wakaketi sakafuni juu ya mto, wakasinzia nikiwasuka. Kuwatoza watu wa kanisa ilikuwa aibu. Mtu aliacha unga, au sukari, au noti chini ya kikombe, na hakuna aliyesema neno. Mama alinikanya nisithubutu kuiita kazi, watu wasije wakasema tunawafanyia biashara waumini wenzetu.

Basi mshauri wa shule aliponiuliza nilifanya nini likizo, nikamwambia nilikaa tu nyumbani. Akaniuliza tena kwa upole. Akasema vyuo vinathamini hata kulea wadogo zako, hata kupikia watu, mradi umebeba jukumu. Nikatikisa kichwa. Kwetu kusuka kulikuwa kusaidia watu, basi. Kwenye fomu ya chuo, mahali pa kuandika kazi nikapaacha wazi.

Majibu yalipokuja, yeye alichukuliwa, mimi nikakataliwa. Jumapili akaitwa mbele kutoa shukrani, na mamake akamwambia atusomee insha aliyokipelekea chuo alipoomba nafasi. Nikajikaza kusikia habari za ofisi. Wee! Ofisi haikutajwa hata mara moja. Alisoma kuhusu sebule yetu: mama anayesinzia baada ya zamu, pakiti ya unga mlangoni, vidole vinavyouma mpaka jioni. Na huyu alikuja Jumamosi mbili tu, kunitenganishia nywele za kuongezea! Kanisa zima likapiga makofi. Mama akaanza kupiga, kisha akaniangalia, mikono ikamtulia mapajani. Mimi nilikuwa nimevimba kwa wivu, hata aibu sikuona.

Agosti, kabla ya kuhamia chuoni, yule msichana akaja asukwe. Mimi nilikuwa chumbani najiandaa kwa chuo cha hapa karibu, kile cha kwenda kwa basi. Mama ndiye aliyemfungulia mlango.

"Njoo," akaniita, "kuna kazi yako hapa."

Tangu nizaliwe sikuwa nimemsikia akiiita hivyo. Nikatoka. Msichana alikuwa ameshaketi kwenye mto, ananitabasamia. Nikashika kichwa chake, nikaanza mstari wa kwanza, nikaukaza mpaka nyusi zikampanda.

"Hii nayo utaiandika?" nikamwuliza.

Machozi yalimlengalenga, sijui ni kwa swali au ni kwa nywele, nami sikulegeza.