Sista Apasua Injini

Mtaa mzima ulimwita Sista, ingawa alistaafu unesi mwaka juzi. Kwa miaka thelathini na mmoja alisimama ubavuni mwa madaktari kwenye chumba cha upasuaji, akinyoosha mkono kabla hajaombwa: mkasi, koleo, uzi. Aliyajua matumbo ya watu kuliko sura zao. Lakini kisu hakuwahi kukishika ila kwa kumpa mwingine, na jambo hilo lilimkaa rohoni zaidi ya alivyokubali kusema.

Gari lake la silinda nne, lenye turbo, lilikuwa limekula chumvi nyingi: kilomita laki tatu na themanini elfu. Sasa lilikunywa oili bila haya na kutoa moshi wa buluu, mpaka jirani mmoja akawa anaanua nguo kila akimwona Sista kashika ufunguo.

Fundi gari wa pale kona, ambaye watu walimpachika jina la Daktari, alikuja akasikiliza, akachomoa kijiti cha oili, akatikisa kichwa.

"Ringi za pistoni zimekwisha, Sista. Injini hii tuing'oe tuitupe, nikutafutie nyingine iliyotumika."

"Iliyotumiwa na nani?"

"Nitajuaje mimi?"

"Basi bora hii, ugonjwa wake naujua. Nitaifungua mwenyewe."

Daktari alicheka mpaka akaegemea geti. Sista alimsubiri amalize, kisha akamwomba amwazime winchi ya kunyanyulia injini. Mtu aliyekwisha kucheka kiasi kile hana uso wa kukataa. Aliileta kesho yake, na akaisukuma mwenyewe.

Nyumba ikageuka hospitali. Injini ilisimamishwa bandani juu ya stendi yake, na vilivyotoka ndani yake vikaoshwa kwa mafuta ya taa, vikafutwa, vikapangwa kwenye meza ya kulia juu ya shuka nyeupe. Ubaoni Sista aliandika safu mbili: vilivyotoka na vilivyorudi. Mume wake, karani mstaafu wa posta, aliteuliwa kuwa msaidizi bila kuulizwa, na kuanzia siku hiyo wote wawili walikula jikoni, sahani mapajani.

"Spana kumi na nne," Sista alisema, mkono umenyooka.

Akapewa kumi na mbili.

"Kumi na nne, baba watoto."

"Si ndiyo hii?"

Mara ya tatu akapewa bisibisi. Aliitupa kwenye trei, ikalia nyumba nzima, na papo hapo akaganda. Mlio ule aliujua. Ndivyo alivyokuwa akitupa vifaa daktari mmoja mkali, ambaye Sista alimlaani kimoyomoyo kwa miaka tisa. Alikwenda akanawa mikono, akarudi na vikombe viwili vya chai.

"Nisamehe."

"Sijakasirika," mume alisema. "Ila kama kuna fomu ya kuomba uhamisho, nipe nijaze."

Mwili wa injini ulipelekwa karakana ya mashine, silinda zikasuguliwa upya, na turbo ikaenda kwa fundi wake. Vyote viliporudi, Sista alivisha pistoni ringi mpya, moja moja, kwa vidole vya mtu anayemvika mtoto mchanga soksi. Ikafika siku ya kufunga mikono ya pistoni. Kila mkono unakazwa kwa bolti mbili, nne kwa mbili ni nane, naye alikuwa amenunua nane mpya. Mezani zilikuwapo saba.

"Hafungwi mtu mpaka hesabu itimie," alisema, kama walivyosema chumba cha upasuaji kabla ya kushona tumbo, akaweka chini spana.

Kabati zikasogezwa, ufagio ukakung'utwa. Daktari, aliyekuwa akipita kila jioni kuchungulia, akashauri watumie moja ya zile za zamani. Sista alimtazama tu, naye akainama kutafuta chini ya kochi. Mume ndiye aliyetafuta kuwashinda wote. Alikunjua hata pindo za suruali yake. Alipochoka alikwenda jikoni kupakua wali, na Sista akamfuata.

Juu ya kifuniko cha sufuria, pale kilipokuwa kishikio kilichovunjika mwezi uliopita, ilisimama bolti inayong'aa, imebanwa kwa kizibo cha chupa.

"Na muda wote huu ulikuwa unatafuta nini?" Sista aliuliza taratibu.

"Bolti. Mimi nilichukua kishikio."

Daktari alitoka nje kwenda kukohoa.

Sista hakuirudisha. Kitu kilichopikiwa wali hakiingii ndani ya injini yake. Duka la vipuri halikuuza moja moja, ikabidi zinunuliwe nane nyingine, na siku nne za kuzisubiri mume alitembea mle ndani kwa ncha za vidole.

Siku ya kuwasha, injini ikiwa imerudishwa garini kwa winchi, waliizungusha kwanza bila moto ili oili ifike kwenye turbo. Kisha Sista akashika ufunguo, akauzungusha. Injini ikakohoa, ikashika. Wingu la moshi likajaa bandani, na mume akatokea mbio na ndoo ya maji.

"Weka chini," Sista alimwambia. "Ni oili niliyopaka wakati wa kufunga, inaungua tu."

Moshi ukaisha, injini ikatulia. Daktari aliinamisha sikio kwa muda mrefu.

"Vali moja inagonga."

"Wapi?"

"Itagonga baadaye," alisema, akajifuta mikono isiyo na uchafu.

Masharti ya kuizoesha injini yalikuwa kilomita elfu moja bila kuikamia, na Sista aliyafuata kama dozi. Walitambaa barabarani. Mwendesha baiskeli aliyebeba godoro aliwapita, akawapungia. Mume alijificha nyuma ya gazeti.

Kilomita zilipotimia, alibadilisha oili, akalipeleka gari kwenye mlima mrefu nje ya mji, akakanyaga. Kwa nukta moja hapakuwa na kitu. Kisha turbo ikapiga mluzi, viti vikawasukuma mgongoni, na gazeti likarukia nyuma.

"Mama watoto, tunakimbilia wapi?"

"Hatukimbilii popote."

Walisimama kileleni. Sista alikuwa akicheka peke yake, machozi yanamtoka, na mume akamwacha acheke mpaka amalize.

"Tushuke," akasema mume, "tupande tena. Safari hii nitalikalia gazeti."