Hakuna Taa Mbaya, Kuna Kiti Kibaya

Siku yangu ya kwanza kazini niliambiwa nisiguse kitu. Nilikuwa nimeshuka kutoka lori la makaa la Kiritiri, shati jeusi, nikasimama mbele ya duka la redio pale Embu mjini. Fundi Mkuu aliitwa Mzee Salim, Mwislamu wa mjini, mtoto wa muuza nyama. Alinitazama viatu kabla ya uso.

"We kijana wa Kimbeere, umesoma mpaka wapi?"

"Mpaka mwalimu akachoka, Mzee."

"Vizuri. Hutanibishia na vitabu. Weka mkono mmoja mfukoni."

Nikaweka. Sikujua ni kwa nini, na yeye hakuwa mtu wa kueleza mara mbili. Redio za wakati ule zilikuwa na valvu, yaani chupa ndogo za kioo zenye waya ndani unaowaka kama kaa. Sisi tuliziita taa. Stima inayozilisha ni kali, na ukiishika kwa mikono yote miwili inapita kifuani, palipo na moyo. Ndiyo maana mkono mmoja unakaa mfukoni. Mpaka leo nikifungua kitu cha stima, mkono wangu wa kushoto unatafuta mfuko wenyewe, hata nikiwa nimevaa shuka.

Vijana, nyinyi kitu kikiharibika mnatupa. Sisi taa ikifa, na ya namba ile ile hakuna, tulitafuta nyingine ikae mahali pake. Hiyo ya pili Mzee Salim aliiita mrithi. Soketi aliiita kiti. Alinifundisha kutazama mambo matatu: miguu, njaa na tabia. Miguu ni vile vyuma vya chini, lazima vilingane na matundu ya kiti. Njaa ni stima inayokula ili ipate joto. Tabia ni vile inavyokuza sauti: kuna inayoinua kidogo, kuna inayopandisha juu kabisa.

"Miguu ikiingia usishangilie," alisema. "Hata mwizi anaingia mlangoni."

Mimi nilielewa haraka kwa sababu ya kwetu. Mtoto akipewa jina la nyanyake, tunamwita nyanya na kumheshimu. Lakini hatembei kama nyanya. Ukitaka atembee kama nyanya mtagombana kila siku. Taa ni hivyo hivyo.

Siku moja niliitukana taa iliyokuwa ikipiga mluzi kwenye redio ya mteja. Nikataka kuitupa. Mzee Salim akanishika mkono.

"Hakuna taa mbaya, Njue. Kuna kiti kibaya. Iweke kando, ipo siku itapata kiti chake."

Kutoka kwake nilikwenda Meru, kwenye karakana ya misheni, chini ya Bruda Mkuu wa Karakana. Kazi yangu ilikuwa spika za kanisa. Nilikuwa kijana na nilipenda sauti ipasue. Jumapili ya kwanza njiwa wote walihama paa. Bruda alikuja nyuma ya mimbari, akainama sikioni kwangu.

"Njue, Bwana Mungu si kiziwi. Punguza."

Halafu nikaenda Kiambere, kambi ya bwawa, nikatunza simu za ndani na mitambo ya kupimia. Msimamizi wetu, Foreman wa Umeme, hakusifu mtu. Walipoondoa mtambo mmoja wa zamani aling'oa taa ndefu ya Kimarekani, namba BH7, akanirushia.

"Hii ni mlafi, lakini ni mbebaji. Usimpe mjinga."

Nikaifunga kwenye soksi. Mwisho nilifungua duka langu mtaa wa Dallas, hapo Embu, langu mwenyewe, na sikumwinamia mtu tena.

Sasa nimestaafu, niko Kiritiri na mke wangu Ciarunji, mama wa mwanangu Njeru, na mbuzi wetu. Na hapa ndipo kazi ngumu kuliko zote iliponikuta.

Masikio ya Ciarunji yanazimika. Daktari alisema yatazidi kupungua, hayatarudi. Vile vifaa vya kuvaa ndani ya sikio vilimpigia filimbi akavifungia kabatini. Mimi nikamjengea amplifaya ya hedifoni kutoka kwa redio kuukuu, yenye taa moja, ECC82, na hiyo ndiyo iliyomfikia. Ana kaseti moja ya marehemu mamake. Mama anaita mbuzi waingie zizini, mmoja mmoja kwa jina, na mmoja akimjibu anacheka. Ciarunji aliisikiliza kila jioni, macho amefumba. Aliniambia anataka kuishika sauti ile vizuri kabla mlango haujafungwa.

Ndipo 82 ikafa. Niliuliza Embu, nikauliza Meru, hakuna. Fundi mmoja alidhani nauliza habari za gari.

Nilikuwa na ECC83. Miguu ni ile ile, njaa karibu ile ile, tabia ndiyo tofauti: hiyo inapandisha sauti mara nyingi zaidi. Nikajiambia, masikio mabovu yanataka kelele. Nikaiweka. Ciarunji akavaa hedifoni, akakunja uso, akavua.

"Baba Njeru, huyu si mama."

"Ni mama! Kaseti ni ile ile!"

"Basi ni mama akiwa na hasira. Na mama hakuwahi kunipigia kelele."

Akaiweka kaseti kwenye kasha lake, taratibu, kama mtu anayefumba macho ya maiti. Hiyo iliniuma. Nikakaa na kumkumbuka Bruda na njiwa wake. Ile 83 inapiga kelele lakini haina nguvu ya kusukuma hedifoni, kwa hiyo sauti inapasuka.

Nikatafuta soksi ya Kiambere. BH7 ina miguu ile ile, na tabia yake ni ya 82, ya upole. Lakini njaa yake ni mara mbili. Nikabadilisha resista moja, kile kidude cha kuzuia stima, nikaiwasha, nikaweka kiganja juu ya transfoma inayoilisha kama unavyompima mtoto homa. Mkono mwingine mfukoni. Nikangoja chai ipoe kabisa. Transfoma ikabaki vuguvugu tu.

Ciarunji akavaa. Halafu midomo yake ikaanza kufuata majina ya mbuzi, na mbuzi yule alipojibu, akacheka pamoja na mamake. Mimi nikatoka nje kuangalia zizi, ingawa zizi halikuwa na shida yoyote.

Niliporudi nikamwona ameishika ile 83 mkononi.

"Na huyu mwenye hasira?"

Hapo nikamsikia Mzee Salim, Mungu amrehemu. Taa inayopandisha sauti sana haifai kusukuma hedifoni. Inafaa kupokea sauti ndogo, ile ya maikrofoni, na kuikuza. Nikailehemia kiti chake pembeni, mbele ya BH7, nikachomeka maikrofoni ya duka langu la zamani.

Mjue kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikiongea na mke wangu kwa kupiga kelele. Kila neno. Hata pole nilimpa kwa kelele. Majirani walidhani tunagombana.

Nikashika maikrofoni, yeye akiwa amevaa hedifoni. Nikanong'ona tu, "Ciarunji, chai imepoa. Nikupashie?"

Akageuka haraka, akanitazama.

"We mzee! Kumbe bado unayo?"

"Ninayo nini?"

"Hiyo sauti. Ndiyo uliyokuja nayo kuniposa kwa baba."

Sasa jioni tunagawana: kwanza mamake na mbuzi wake, kisha mimi. Sina mengi ya kusema. Namwambia mvua imeonekana upande gani na mbuzi gani anachechemea, na ninasema polepole. Wala mkono mmoja hauko mfukoni tena, kwa sababu ameushika yeye.