Kibanda cha Mtumba cha Mzee Nestori

Mzee Nestori wa Katumba hakuwa mtu mbaya, ila ukimwamkia mara mbili kwa siku moja alianza kujiuliza unataka nini. Hata mkewe Libérate akimwongezea mboga kwenye sahani, mzee aliuliza kwanza kulikoni, ndipo akala.

Mwaka huo goti lilianza kumsumbua. Bustani yake ya vitunguu ilikuwa bondeni, kwenye eneo la kikundi ambako kila mwanachama ana kipande chake, na kila jioni alipandisha kilima na jembe, keni ya kumwagilia na pampu ya maji begani. Kuacha kitu hakuthubutu. Ndiyo maana alinunua kibanda cha mtumba mjini Mpanda, cha mbao na mabati, kilichokuwa cha muuza chipsi. Kilikuwa bado kinanuka mafuta. Muuzaji alipopunguza bei bila kubembelezwa, Nestori nusura aghairi.

Sasa kibanda kikae wapi? Theopista, mwenyekiti wa kikundi, alisema wazi: kisizibe njia, kisile tuta la mtu, na kabla ya mvua kiwe kimepata mahali, la sivyo kirudi mjini. Nestori alielewa. Bila kibanda, goti lile lisingemaliza msimu mwingine, na kipande chake kingepewa mwenye miguu mizima.

Theopista mwenyewe alimwonyesha nafasi chini ya mpera, kando ya njia. Mzee akanusa mtego: wanakikundi wajikinge jua humo leo na kesho, mwishowe kiitwe cha kikundi. Kisha akaja Mwandu, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka michache nyuma, ambaye kipande chake kilipakana na cha Nestori.

"Mzee, weka kwangu. Pale kwenye kichuguu ninapopanda viazi. Ni juu, maji hayafiki."

Nestori alimpima kwa macho. Huyu Mwandu kila jioni aliondoka bondeni na jembe lake begani, hata siku za jua kali, kama mwenye siri. Na nani siku hizi anagawa ardhi bure?

"Nitafikiria," akajibu. Kwa Nestori hiyo ilikuwa hapana.

"Leo anasema weka kwangu," alimwambia Libérate nyumbani. "Kesho atasema kilicho kwangu ni changu."

"Baba Emelyne, kwani Mwandu amekukosea nini?"

"Bado."

Tusimcheke sana. Nchi hii aliingia akiwa mgongoni kwa mama yake, wakikimbia Burundi, na mama yule mpaka anazeeka alirudia jambo moja: aliyewaonyesha wabaya wao mlango wa nyumba alikuwa jirani waliyekuwa wakiombana moto. Nestori aliinyonya hofu hiyo pamoja na maziwa.

Basi akakiweka kibanda chini kabisa, mwisho wa tuta lake, karibu na mfereji. Watu walimwambia maji hupita hapo. Kadiri walivyomwambia ndivyo alivyoamini kwamba wanapatamani. Akagonga misumari, akafunga kufuli, na funguo zote mbili akazivaa shingoni kwa kamba.

Mvua kubwa ya kwanza haikuwa na subira naye. Asubuhi alishuka akichechemea, akakuta kibanda kimesimama ndani ya maji, na yeye alipofungua mlango maji yakamfika kwenye ugoko. Pampu ilikuwa imetundikwa, imepona. Alipogeuka akamwona Mwandu, jembe begani kama kawaida, anakuja na kundi la wanaume wa Kisukuma, wamebeba miti miwili mirefu.

Ndiyo hiyo, akawaza. Wamekuja kuchukua.

"Mzee, toka tukibebe," Mwandu akasema.

"Mkipeleke wapi?"

"Juu. Sisi kwetu paa la nyumba halibomolewi, watu wanalibeba zima zima. Itakuwa hiki?"

Nestori akarudi ndani, akajifungia. "Basi nibebeni na mimi!"

Wakacheka, wakapitisha miti, wakainua. Kosa la mzee lilikuwa kusahau kwamba kibanda hakina sakafu. Kilipopanda, miguu yake ikabaki chini, ikionekana na wote, na kiliposogea naye ikambidi asogee. Wanaume waliimba. Mzee ndani ya mabati alikumbatia pampu yake na kutazama ardhi tu: tope, halafu majani, halafu mwinuko. Aliogopa, kweli aliogopa. Tangu mgongoni kwa mama yake hakuwahi kupelekwa mahali asipopaona.

Wakatua. Akafungua mlango.

Alikuwa juu ya kichuguu cha Mwandu. Viazi havikuwepo. Udongo ulikuwa umesawazishwa na kushindiliwa, na si jana wala juzi, maana nyasi zilishaanza kuota. Mahali palikuwa tayari tangu kiangazi.

"Unataka nini, Mwandu?" Nestori akauliza.

Mwandu alishusha jembe begani. "Msumari, mzee. Wa kutundika hili. Kila siku napanda nalo kilima kwa ajili yako."

"Kwa ajili yangu?"

"Unavyoniangalia! Nilijua unalitaka. Nikasema, kibanda kikiwa kwangu, angalau nitakuwa nakiona."

Wanaume walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Nestori hakucheka. Aibu ilimpanda hadi masikioni. Alihangaika na kamba shingoni, akachomoa ufunguo mmoja, akaushika kidogo kabla ya kuutoa.

"Usimpe mtu mwingine."

"Na wewe wako usimpe mtu," Mwandu akamjibu, akaingia kutundika jembe.

Jioni walipandisha kilima mikono mitupu. Nestori alimpisha Mwandu atangulie, ili amwone vizuri. Mwandu naye akasimama, akampisha mzee. Kwa kuwa hakuna aliyekubali kutembea mbele, wakaenda bega kwa bega mpaka nyumbani.